Likunja: Raketi Mbili Nyuma ya Mlango wa Mjomba

Korosho, lami mpya, na majina ya wachezaji ambao mimi na wewe hatukuwahi kuambiwa. Mhariri wetu alikwenda kusini na mumewe wakiwa hawaongei.

Mpenzi msomaji, kama uko kwenye ndoa unajua kuna ugomvi ambao haukuanza siku ile mlipoanza kugombana. Wetu ulianza na karatasi ya shule. Mwalimu wa michezo wa binti yetu aliandika kwamba mtoto ana mkono mzuri wa tenisi, apelekwe mazoezi siku tatu kwa wiki, na wazazi wamnunulie raketi yake. Binti ana miaka tisa. Mimi nikafurahi, nani asiyefurahi mwanawe akisifiwa? Mume wangu akaisoma ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya bakuli la matunda.

"Haendi," akasema. "Ajifunze kuogelea."

Basi bwana. Nikauliza sababu, nikaambiwa ada. Nikasema ada mimi nitalipa nusu, nikaambiwa foleni. Nikasema nitampeleka mwenyewe, nikaambiwa, "Tenisi haimlishi mtu." Huyu ni mwanaume ambaye mtoto akitaka kinanda ananunua kinanda. Kwa siku kumi tukaishi kama wapangaji wa nyumba moja: gesi imeisha, LUKU inakaribia kuisha, usiku mwema.

Siku ya kumi na moja ikaja simu kutoka Likunja. Mjomba wake. "Korosho zinaanguka na mabibo yanaoza. Mniletee mjukuu wangu nimwone." Kama hujawahi kuolewa na mtu wa kusini, nikwambie kitu: kwa Wamwera mjomba ni mtu mzito. Ukoo unafuata upande wa mama, na kaka wa mama akisema njoo, unakuja. Mume wangu alikuwa hajakanyaga Likunja tangu mwaka 2008. Hela alikuwa anatuma kila mwisho wa mwezi kwa simu. Kwenda, hapana.

Tulikwenda.

Tuliondoka Dar saa kumi alfajiri, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Ushauri wa bure kwa wanaotaka kuijaribu njia hii: hakikisheni mnaipita Mbagala kabla jua halijachomoza, la sivyo mtaiangalia Mbagala mpaka muikariri. Baada ya hapo ni Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2003, na kwa watu wa kusini miaka imehesabiwa upya tangu siku hiyo. Kabla yake ilikuwa pantoni, na kila mzee wa Lindi ana hadithi yake ya kulala kando ya mto akisubiri zamu huku mbu wakimfaidi. Hata sasa njia hii haijatulia moja kwa moja. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara maeneo ya Somanga, na kusini nzima ikabaki upande wa pili kama enzi za pantoni.

Hadi Lindi ni kama kilomita 450. Mandhari ni nzuri: mikorosho, minazi, bahari inachungulia mara moja moja upande wa kushoto. Mngekuwa wapenzi wapya mngesimama Mchinga mkapiga picha. Sisi ndani ya gari letu aliyekuwa anaongea ni binti peke yake, na maswali yake yote yalianza na "Baba, mbona."

Mingoyo ukiacha njia ya Mtwara unashika ya Masasi. Mtama tukasimama kununua ming'oko. Wasioijua: ni mizizi myembamba ya porini, inachemshwa, unaimenya kwa meno na kula na chumvi na pilipili. Dar huipati kirahisi. Mume wangu alikula fungu zima bila kusema neno, akanunua la pili, na hapo nikaona bega lake la kushoto limeshuka kidogo. Nanganga unakata kulia kuelekea Ruangwa, na huko lami ni mpya, nyororo kuliko ya mtaani kwetu.

Ruangwa wengi wetu tunaijua kwa mpira. Namungo ni ya huku. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na uwanja wao umepewa jina la Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa huku, na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Kwa hiyo ukisema Ruangwa na michezo, mtu anakuelewa. Ukisema Ruangwa na tenisi, mtu anakuangalia. Mimi mwenyewe nilijiangalia.

Likunja ni kata ndani ya wilaya hiyo. Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, na wazee bado wanachanganya: leo mtu anakwambia yeye ni wa Ruangwa, kesho akiwa amechoka anakwambia ni wa Nachingwea. Usitegemee mnara wala ufukwe. Kuna nyumba za matofali, mashamba ya ufuta na mbaazi, na mikorosho, mikorosho, mikorosho. Desemba harufu ya mabibo yaliyoiva sana inakupokea kabla ya wenyeji, tamu na chachu kwa pamoja, kama pombe iliyomwagika kwenye saluni.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mmechelewa." Alimwangalia mume wangu aliposema hivyo, akanyamaza kidogo. "Chakula kimepoa."

Ulikuwa ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na kuku wa kienyeji ambaye bila shaka asubuhi ile alikuwa na mipango mingine. Mkewe Mjomba, ambaye binti yetu alimwita bibi tangu dakika ya kwanza, alikuwa akinisogezea minofu kama vile nimetoka hospitali. Tulikula vizuri. Watu wazima wakaongea bei ya korosho, mnada, chama cha ushirika cha RUNALI, mvua. Hakuna aliyeuliza miaka 17 imekwenda wapi.

Aliyeharibu mambo ni binti. Alitumwa fagio nyuma ya mlango, akarudi na raketi mbili.

Moja ilikuwa ya mbao, imepinda kichwa kidogo, nyuzi zimekatika. Nyingine ilikuwa nyeusi, nyepesi, ya kileo, mshikio umefungwa kitambaa kilichogeuka rangi. Kwenye shingo yake mtu alikuwa amechora kwa kisu herufi mbili. Nikazitambua. Ni herufi za jina la mume wangu.

Miaka 11 ya ndoa, wapendwa. Najua viatu vyake ni namba ngapi, najua anaogopa panya, najua nywila ya simu yake (naye anajua najua). Sikuwahi kujua kwamba mwanaume huyu alikuwa anacheza tenisi.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Hakukwambia?" Halafu akaanza na ile ya mbao, nadhani ili kumpa mwenzake muda wa kupumua.

Hapa inabidi nikupeleke Nachingwea, ambako Mjomba alitupeleka kesho yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikosa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika, kwa maelfu kwa maelfu ya ekari. Mradi ulianza 1947, sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakakutana na visiki, mibuyu, udongo mgumu na mvua isiyosikia la mtu. Reli ilijengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli yenyewe ikafungwa na kung'olewa. Baadaye Nachingwea ikapata kazi nyingine: wapigania uhuru wa FRELIMO walifanya mazoezi huko, na Samora Machel alitokea huko mwaka 1975 kwenda kuichukua nchi yake. Ukipita leo utaona mji wa kawaida wa bodaboda na maduka ya simu. Mimi nilisimama pale nikijaribu kuisikia treni, nikasikia mashine ya kusaga.

Baba yake Mjomba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa karanga. Mzungu alipofungasha, alimwachia sanduku la vyombo, koti la mvua na raketi hiyo ya mbao. Vyombo vilivunjika, koti lilizikwa na mwenyewe. Raketi ikabaki. Mjomba akakua nayo bila kujua ni ya nini. Alipokwenda Dar mwaka 1963, kijana wa miaka 13, akapata kazi ya kuokota mipira kwenye klabu moja, na siku ya kwanza, anasema, alisimama mdomo wazi: "Nikasema, kumbe kile kitu cha baba kina wavu wake!"

Alikaa kwenye kazi hiyo zaidi ya miaka 40. Kutoka kuokota mipira akapanda kuchora mistari ya uwanja, kisha kufunga nyuzi za raketi, na kwenye nyuzi akawa fundi wa kusifika. Wanachama wakimaliza magazeti yao ya michezo walimwachia. Naye akawa anaandika. Analo daftari, kaunta buku kubwa lenye mgongo mwekundu, limejaa majina. Si majina unayoyajua. Unaowajua hakuwaandika. "Wale wana watu wa kuwaandika," alisema.

Usiku ule tulikaa jamvini nje, taa ya sola juu ya kiti, Mjomba anasoma na kueleza. Niliporudi Dar nilikagua, mzee hakutudanganya, isipokuwa miaka miwili mitatu aliyoichanganya.

Alianza na Pancho Gonzales, mtoto wa wazazi wa Kimeksiko aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1928. Alishinda ubingwa wa Marekani 1948 na 1949, halafu akaamua kucheza kwa kulipwa. Na kulipwa, kwa sheria za wakati ule, kulikuwa kuchafuka. Mashindano makubwa yalikuwa ya ridhaa tu, ya watu wenye mali zao. Ukichukua hela, Wimbledon hukanyagi. Kwa hiyo wachezaji bora duniani wakawa wanazunguka mji hadi mji, wanacheza kwenye kumbi, leo hapa kesho kule, wanakula njiani. "Kama bendi ya dansi ikitembelea mikoani," Mjomba alisema, na mimi nikaipata picha papo hapo: basi bovu, spika juu, na mpiga gitaa bora nchini amelala amekaa. Rod Laver alizoa mataji yote manne makubwa mwaka 1962, akaingia kwenye malipo, akafungiwa mlango mpaka 1968 sheria ilipobadilishwa. Mwaka 1969 akayazoa yote manne tena. Watu wanauliza katikati hapo alikuwa wapi. Alikuwepo, anacheza kila wiki, mbele ya viti vitupu.

Gonzales yeye mlango ulifunguliwa akiwa ameshakuwa mtu mzima. Mwaka 1969, akiwa na miaka 41, alicheza Wimbledon na Charlie Pasarell geimu 112, saa tano na dakika 12, siku mbili, giza likawakatiza katikati. Alipoteza seti mbili za kwanza, akashinda. Mjomba anaijua matokeo ya kila seti kwa kichwa, na aliyataja taratibu, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake.

Akaja Althea Gibson. Huyu, dada zangu, mnapaswa kumjua kuliko hao wanaotuuzia vipodozi. Mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda taji kubwa la tenisi, Ufaransa 1956, kisha Wimbledon na Marekani, 1957 na 1958, zote mara mbili mbili. Wakati huo ni ridhaa, kwa hiyo bingwa wa dunia anarudi nyumbani na sahani ya fedha na hana nauli. Alipoamua kulipwa alikuwa akicheza kama kivutio kabla ya mechi za kikapu za Harlem Globetrotters. Akajaribu gofu, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kwenye mashindano ya kulipwa ya gofu ya wanawake Marekani. Miaka ya 1990 alikuwa mgonjwa na hana hela ya kodi wala ya dawa, mpaka Angela Buxton, Mwingereza waliyeshinda naye Wimbledon ya wawili wawili 1956, alipohangaika kumchangishia. Alifariki 2003. Sanamu yake kwenye viwanja vya mashindano ya Marekani ilizinduliwa 2019.

"Unaona?" mume wangu akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza jioni nzima. "Sanamu."

Mjomba akafunua ukurasa.

Nduka Odizor wa Lagos, aliyemtoa Guillermo Vilas Wimbledon 1983 baada ya kuwa nyuma kwa seti mbili, akafika mzunguko wa nne, na mwaka uliofuata akafika namba 52 duniani. Mwaka huohuo wa 1983 Yannick Noah, aliyekulia Yaoundé, akashinda Ufaransa. Huyo amekumbukwa, lakini Mjomba alimwandika kwa sababu ya namna alivyopatikana: Arthur Ashe alipita Kameruni 1971, akamwona mtoto wa miaka 11 anapiga mpira, akapiga simu Ufaransa. "Simu moja," Mjomba alisema. "Angepita Likunja je?"

Na ukurasa wenye mistari mingi kuliko yote ulikuwa wa jirani yetu, Paul Wekesa wa Kenya. Aliingia kwenye tenisi ya kulipwa 1987. Alishinda mataji matatu ya wawili wawili kwenye mzunguko mkubwa wa wanaume, na mwaka 1995 akafika namba 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja. Hebu tulia hapo. Namba 100 kati ya wanaume wote wanaoshika raketi duniani, mtu wa Nairobi! Kama angekuwa mkimbiaji mwenye nafasi hiyo asingetajwa, Kenya wana mabingwa wa kumwaga. Kwa tenisi ya ukanda wetu ilikuwa kama kupanda Kilimanjaro na kandambili. Nimeuliza ofisini kwetu, watu tisa, wote wana digrii, wawili ni wapenzi wa michezo. Hakuna aliyemjua.

Sasa tuongee hela, maana ndiyo iliyonileta kule. Mchezaji wa tenisi hana klabu inayomlipa mshahara. Anajilipia ndege, hoteli, kocha, nyuzi. Akitoka raundi ya kwanza, anachopata mara nyingi hakifidii alichotumia. Pointi za kupanda zinatafutwa kwenye mashindano, na mengi ya mashindano yako Ulaya, Marekani na Asia. Mzungu wa namba 300 anapanda treni. Mtu wa huku wa namba 300 anapanga foleni ya viza. Ndiyo maana Angella Okutoyi wa Kenya anatajwa kwa heshima. Alilelewa na bibi yake, akapata mafunzo kwenye kituo cha shirikisho la kimataifa kule Burundi, Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya taji kubwa la vijana, na Julai mwaka huohuo akashinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Burundi nako yupo Sada Nahimana anayepambana kwenye mashindano ya kulipwa. Kila mmoja wao nyuma yake kuna mtu aliyelipa nauli ya kwanza.

Nilisema hivyo kwa sauti pale jamvini, kumbe nimekanyaga kidonda. Mume wangu akanyanyuka, akaenda kusimama gizani upande wa mikorosho.

Nikamfuata. Na hapo, chini ya mti wa mtu, karibu na choo, nikaelezwa mambo ambayo nilipaswa kuelezwa kabla ya send-off.

Mjomba ndiye aliyemfundisha, Dar, kwenye klabu ile, saa za asubuhi kabla wanachama hawajafika. Alikuwa anapiga vizuri. Mwaka 2006, akiwa na miaka 17, alitokea wakala mmoja aliyesema anaweza kumpeleka nje kwenye chuo cha tenisi; kilichotakiwa ni hela ya viza, tiketi na usajili. Mjomba, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi Likunja, aliweka rehani mikorosho 14. Kama hujui rehani ya mikorosho: unapewa hela, na aliyekupa anavuna miti yako kila msimu mpaka umrudishie yote. Miti ni yako, korosho si zako. Siku ya safari wakala alizima simu. Hakuiwasha tena.

"Nilikuja 2008 kumzika mama," mume wangu akasema. "Nikamkuta yule bwana anaokota korosho kwenye miti ya Mjomba. Alinisalimia vizuri kabisa. Sikurudi tena."

Ndiyo maana bakuli la matunda. Mimi nilidhani ni ubahili.

Kuna wanaume wanaotuma hela kila mwezi kwa sababu wanapenda, na kuna wanaotuma kwa sababu wanaogopa kuonana uso kwa uso. Ukiangalia mesenji ya muamala huwezi kujua ni yupi. Mimi niliziona mesenji zile miaka 11, nikawa najisifia kwa wenzangu kwamba nimeolewa na mtu anayejali kwao.

Asubuhi alimkalisha Mjomba, akaweka bahasha mezani. Alikuwa ametoka nayo Dar, nilikuwa sijui hilo pia. Mjomba hakuifungua.

"Hii ya nini?"

"Ya mikorosho, Mjomba."

"Ipi?"

"Ile kumi na nne."

Mjomba akamwangalia kama anayeangalia mtoto aliyevaa shati kinyume. "Ile nilishaikomboa. Msimu wa 2017, korosho ilipopita shilingi 4,000 mnadani. Nilivuna hii mingine, nikaenda kwa yule bwana, nikamlipa yote, tukanywa chai."

"Na hela nilizokuwa natuma?"

"Hizo nilikuwa nakula." Bibi akacheka jikoni. "Ulidhani naziweka wapi?"

"Mbona hukuniambia umekomboa?"

"Hukuja, ningekwambia vipi? Mambo ya miti siyaongei kwenye simu." Akasukuma bahasha. "Na wewe unaongea kama nilinunua tiketi ya ndege. Mimi niliweka miti kwa sababu ulikuwa unapiga mpira vizuri. Hiyo habari ya nje ilikuwa yenu na yule tapeli."

Niliondoka mezani. Kuna mambo mke haruhusiwi kuyaona, na mume wangu akilia huwa anajifanya ana mafua.

Nje nikamkuta binti ameinama kwenye uwanja wa kuanikia korosho. Ni eneo kubwa la udongo uliopigwa ukapigika, laini kama sakafu, korosho zimetandazwa jua linazikausha. Alikuwa anazisogeza kwa mguu. "Mama, hapa chini kuna mistari." Kweli. Matofali yamezikwa kwa ubavu, yamepangwa moja baada ya jingine, mstari mrefu, kisha kona, kisha mwingine. Kona ya uwanja wa tenisi. Mjomba aliupima kwa futikamba alipostaafu, vipimo halali vyote, na pande mbili kuna nguzo za kufungia wavu. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba ni wa korosho, katikati ya mwaka ni wa ufuta. Miezi inayobaki watoto wa jirani wanakuja na vibao.

"Tucheze," binti akasema.

"Kwanza korosho," Mjomba akajibu toka mlangoni.

Kwa hiyo tulizoa korosho, watu watano, na magunia, kwenye jua la saa tano. Natamani ungeniona na kucha zangu. Nusu ya uwanja ilipokuwa wazi Mjomba akafunga wavu wa samaki aliouleta kutoka Lindi, na mume wangu akaletewa ile raketi nyeusi. Nikataka kuonyesha na mimi naelewa, nikasema raketi hizi si za kinywe, madini hayohayo yanayochimbwa hapa Ruangwa? Mume wangu, macho bado mekundu, akanirekebisha kwamba si kitu kimoja, hizo ni nyuzi za kaboni zinazotengenezwa kiwandani, jina tu ndilo linalowachanganya watu. Nilimpenda sana alivyonirekebisha. Ilikuwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili anaongea na mimi sentensi yenye zaidi ya maneno manne.

Mpira wa kwanza ulikwenda juu ya mkorosho. Wa pili pia. Wa tatu ulipita juu ya wavu chini kabisa, ukagonga tofali, ukaruka pembeni, na Mjomba, miaka 75, akaukimbilia kuuokota kabla ya mtoto, mgongo umeinama, mkono mmoja nyuma, kama alivyofundishwa mwaka 1963.

Kwa mnaotaka kwenda: laleni Ruangwa mjini, gesti safi zipo na bei ni za kibinadamu, mbebe na hela taslimu kidogo kwa ajili ya vijijini. Oktoba hadi Desemba ni korosho na mabibo. Uraka wa mabibo mtapewa, ni mtamu kama juisi, lakini ukisimama ndio unagundua. Msiende na viatu vyeupe.

Tuliondoka Jumatano na magunia mawili, moja la korosho na jingine la mihogo ambayo hatukuiomba. Bahasha sijui iliishia wapi, na sikuuliza. Mtama tukasimama tena kwa ming'oko. Binti alikuwa amelala kiti cha nyuma, ile raketi ya mbao miguuni, Mjomba amemfungia nyuzi mpya kwa uzi wa kuvulia samaki. Tukafika karibu na Somanga, jua linazama, mume wangu anapunguza mwendo kwa ajili ya tuta.

"Ile karatasi ya shule," akasema. "Uliiweka wapi?"

"Iko chini ya bakuli la matunda," nikamjibu. "Ulikoiweka."